Mwalimu wa Maada ya Kwanza

Ukimwuliza Mwalimu kama amekula, hakukujibu ndiyo wala la. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akasema, "Natofautisha." Kisha akaeleza kwamba kama kula ni kutia kitu tumboni, basi amekula, maana amekunywa chai na tende, lakini kama kula ni kushiba, hilo analikanusha. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafika mlangoni na mkoba begani. Jibu lilinifuata kwenye korido, na kama lifti ilichelewa nililipata lote.

Tulifanya kazi ofisi moja Riyadh kwa miaka mingi. Ilikuwa ofisi ya tarjuma, na dirisha letu lilitazama maegesho ya magari na mtende mmoja ambao sikumbuki kuuona ukizaa. Yeye alisoma Kilatini na kukigeuza Kiarabu. Mimi, mtoto wa Mombasa niliyelishwa Kiarabu tangu madrasa hadi chuo kikuu, nilikisafisha Kiarabu chake ili Mwarabu akikisoma asidhani anaota. Vitabu vyenyewe viliandikwa na walimu wa vyuo vya Kikatoliki vya Uhispania, Ureno na Italia, wa karne ya kumi na sita na ya kumi na saba, watu walioweza kujaza kitabu kizima kwa swali moja tu: vitu hivi tunavyoviona na kuvishika, chini kabisa ni nini? Nani Riyadh alikuwa akingoja kuvisoma, sijui mpaka leo. Bosi wetu alikuja kila Jumapili, akasimama mlangoni, akasema, "Yalla, Mwalimu, tutamaliza mwezi huu?" Mwalimu akavua miwani. Bosi akaondoka kabla hajatofautishiwa mwezi.

Kila Mkenya na Mtanzania wa Riyadh alimwita Mwalimu, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa zamani alifundisha falsafa kwenye seminari huko magharibi mwa Kenya, kabla hajaiacha njia ya upadri na kuoa. Ninaanza na haya ya kuchekesha kwa makusudi. Kwao Bungoma watu wanamkumbuka kwa jambo moja tu, tena baya: kwamba alimzika mkewe Jeddah, kisha akawaandikia wakwe zake kuwa kilichozikwa si yeye. Mama mkwe alijibu kwa kumkana. Kuanzia siku hiyo Mwalimu hakuwa na neno la kumwambia mama yule, na mkataba wake ulipokaribia kwisha hakujua kama ana nyumbani pa kurudi. Nataka mtu wa Bungoma akisoma hapa amwone na upande wake mwingine.

Kwanza lazima nieleze hiyo maada, maana bila yake Mwalimu haeleweki. Alinifundisha kwa kuni. Kuni zinaungua, zinakuwa majivu. Je, kuni zilipotea kabisa, na majivu yakatoka pasipo kitu? Haiwezekani. Basi kuna kitu kilichokuwa chini ya kuni na sasa kiko chini ya majivu. Hicho si kuni, si majivu, hakina rangi, hakina uzito, hakina urefu wala upana. Wale walimu wa zamani walikiita maada ya kwanza. Kinachoifanya iwe kuni au majivu wakakiita umbo.

"Sasa hiyo maada yenyewe ina nini?" nilimwuliza.

"Ina uwezekano, Mama Salma."

"Uwezekano tu?"

"Uwezekano tu. Ni fukara kuliko fukara wote."

Hapo ndipo wale walimu walipogawanyika, na kitabu baada ya kitabu sisi tulikuwa tukizitafsiri hasira zao. Kundi la kwanza lilisema maada peke yake haina uwepo wowote. Hata Mungu hawezi kuiweka bila umbo, kwa sababu hicho kingekuwa kitu kilichopo na kisichopo kwa wakati mmoja. Kundi la pili likasema la, nayo ina uwepo wake, mdogo, mwembamba, na Mungu akitaka anaweza kuihifadhi uchi ilivyo. Mwalimu alikuwa wa kundi la kwanza kufa kupona. Mimi nikajitia kundi la pili, si kwa hoja, kwa huruma tu. Niliionea imani hiyo maada, kuambiwa haipo na huku kila kitu kimesimama juu yake.

Alikuwa na ubishi wa kila aina. Ijumaa alipika ugali nyumbani kwake na kuwaalika Waafrika Mashariki waliokuwa karibu, na hukupata kuumega kabla ya kujibu swali: unga bado umo ndani ya ugali, au umekwisha na kilichopo sasa ni kitu kingine? Ilikuwa mas'ala kubwa hiyo kwenye vitabu vyake, kama vitu vya asili vinabaki ndani ya mchanganyiko au vinabaki nguvu zao tu. Watu walikaa na mikono iliyonawiwa, wakitazama mvuke. Siku moja mhasibu mmoja wa Tanga alisema, "Mwalimu, mimi najua njaa bado imo." Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo mhasibu yule alipewa nyama kwanza.

Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni kitupu. Alikipata ukubwani, kwa kusoma wanafalsafa wa zamani, na hakuwahi kupata cha sokoni. Akipanda teksi alimwambia dereva maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, "Ewe ndugu mwema, je, njia hii yatufikisha kwenye jengo lile lililo kando ya msikiti?" Dereva mmoja Mpakistani alimwuliza kwa heshima anasalisha msikiti gani. Mwalimu, na rozari yake mfukoni, akajibu kwamba hana sifa hizo. Nilimfundisha kusema mafi na halas, yaani hakuna na basi. Alizisema kama mtu anayeonja dawa.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Baba yangu alipofariki Mombasa na mimi nikashindwa kusafiri kwa kuwa ikama yangu, kibali cha kukaa Saudia, ilikuwa kwenye kufanywa upya, Mwalimu alikuja nyumbani alasiri, akakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na mume wangu, na hakusema kitu. Hakusema baba yako yuko pema, hakusema ni mapenzi ya Mungu, hakutofautisha chochote. Alikaa mpaka isha. Alipoondoka niliona kikombe chake cha kahawa kimejaa vilevile, nikajua hata kunywa aliona si adabu. Wapo ndugu zangu wa damu ambao siku ile sikupata kwao nilichokipata kwa Mwalimu. Ndiyo maana ile habari ya mkewe ilinichanganya sana baadaye, kwa sababu mtu wa kukaa kwenye kile kiti hakuwa mtu wa kuandika ule ujumbe, na alikuwa ni yeye yule.

Mkewe aliitwa Nekesa. Alikuwa muuguzi Jeddah, na Mwalimu alikuwa na kazi Riyadh, kwa hiyo waliishi ndoa ya ndege na basi, wikendi hapa, wikendi kule. Watoto hawakujaliwa. Mume wangu alipopata kazi ya ukarani bandarini tukahamia Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na mimi nikawa nafanya kazi ya tarjuma nikiwa nyumbani. Hapo Nekesa akawa shoga yangu. Siku zake za mapumziko tulikwenda mtaa wa Ghulail kutafuta unga wa mahindi na sukuma wiki, na njiani alimsema mumewe bila kupumua.

"Ananipenda," alisema. "Lakini ukimwuliza, atataka kwanza mkubaliane kupenda ni nini."

Ni yeye aliyempa mama yake namba yangu ya simu, kwamba yake ikizima anitafute mimi. Basi yule mama akawa hunipigia hata bila shida, sikukuu zetu na zao, akiniuliza bei ya nyanya Jeddah.

Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuzungumza na mama yule uso kwa uso. Si ugomvi, ni desturi yao Wabukusu, na mama aliishika kwelikweli. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake neno, hupitia kwa mtu wa tatu. Miaka yote mtu huyo alikuwa Nekesa. Mama aliuliza kwa Nekesa kama mkwe wake ana afya, na mkwe alimtumia mama shuka na sukari kupitia kwa Nekesa. Mambo yalikwenda vizuri sana kwa njia hiyo, pengine kuliko wakwe wanaopigiana simu kila siku.

Katika kimojawapo cha vitabu vyetu, tulipokuwa bado Riyadh, ilikuwamo sura ya maiti. Naikumbuka kwa sababu ilinikasirisha. Walimu wale waliuliza: mtu alikuwa na kovu akiwa hai, akifa, kovu linaloonekana kwenye maiti ni lilelile? Wengine walisema ndiyo, kwa kuwa maada imebaki, au kwa kuwa mwili una umbo lake la kimwili lisiloondoka na roho. Lakini kundi la Mwalimu likasema la. Roho ndiyo umbo la mtu, na umbo likiondoka hakibaki chochote cha mtu yule, si mkono, si jicho, si kovu. Kilichopo ni kitu kipya kinachofanana naye.

Nilitupa kalamu. "Mwalimu, mama anamwona mwanawe amelazwa, aambiwe lile kovu silo?"

"Nakubali kwamba inauma," alisema. "Lakini kuuma si hoja."

Nekesa aliugua siku chache tu. Alilazwa katika hospitali alikofanya kazi, wenzake wakimhudumia, na alifariki Mwalimu akiwa njiani kutoka Riyadh. Kwetu sisi Waislamu mtu huzikwa anapofia, na mapema, kwa hiyo mimi sikuona ajabu Mwalimu aliposema atamzika hukuhuku, kwenye makaburi ya wageni wasio Waislamu. Lakini kwao ni ajabu kubwa. Mtu wao harudi nyumbani akazikwa? Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo walianza kuulizana: mwili unafika lini, nani anakwenda kuupokea uwanja wa ndege, turubai zikodiwe wapi. Mwalimu akawajibu kwa ujumbe mrefu. Nimeusoma. Ulikuwa mzuri, hoja zimepangwa, kila moja na jibu lake, na mwisho wake alisema kwamba kinachobaki si Nekesa, kwa hiyo mahali kinapowekwa hapabadilishi kitu.

Mama mkwe hajui kusoma vizuri. Alisomewa mbele ya watu waliokuja kumpa pole.

Kwa desturi yao, mwili wa mtu usipopatikana, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala yake, ili asiwe mtu asiye na kaburi. Na mke huzikwa kwa mumewe. Mama alikata mgomba, akauzika kwenye boma lake mwenyewe, kando ya wazazi wake, wala si kwa akina Mwalimu. Watu wote wa pale walielewa maana yake: mtoto wangu hakuwa na mume. Akaongeza kwa mdomo, ili asiyeelewa aelewe, kwamba mtu aliyeshindwa kumtambua Nekesa akiwa amelala usingizi wa mwisho, asije kwake kumtafuta chini ya mgomba.

Na sasa hapakuwa na Nekesa wa kupeleka neno upande huu na kurudisha jibu upande ule.

Nilitazamia kifo kile kimlainishe Mwalimu. Kilimkaza. Kitabu cha mwisho alichopewa kilikuwa cha ugomvi kati ya walimu wake na wanafalsafa wapya waliokuwa wanaanza kuvuma, wale waliosema hakuna umbo wala nini, kila kitu ni chembe ndogondogo zilizosogeleana. Alinipigia simu mara nyingi juu ya kitabu hicho, kisingizio kikiwa neno fulani la Kiarabu. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Mwalimu, kubali tu kwamba kitu fulani chake kimebaki. Wenzako kundi la pili wanasema hivyo, na wao pia walikuwa wasomi. Utapumua."

"Mama Salma, wanaosema amebaki kidogo pale hawajui nilichopoteza. Mimi sikupoteza sehemu."

Nililia, na nilikasirika kwa kulizwa na maada ya kwanza.

Kitabu kilimalizika, mkataba ukamalizika, ofisi haikuufanya upya. Mwalimu alipewa tarehe ya kuondoka. Ndugu zake walimwambia arudi, kijumba chake kipo, lakini yeye alisema mtu aliyekanwa na mama mkwe mbele ya kijiji anarudi kama nani? Alizungumzia kukodi chumba Nairobi, mahali asipojulikana. Kabla ya kuruka alikuja Jeddah Ijumaa moja, na kibali cha kwenda makaburini, kisha akaja kwetu kwa chakula cha mchana. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la huko. Mume wangu alimkaribisha, mimi nikapakua pilau, tukaongea habari za joto.

Simu yangu ikaita, alikuwa mama yake Nekesa. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikaibonyeza kwa kifundo cha kidole nikaweka sauti ya juu.

"Mama Salma, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia yule mtu anarudi Kenya."

Nilitazama upande wa Mwalimu. "Yuko hapa, mama. Anatusikia."

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Alitaka kutoka, kwa sababu ya ile desturi ya chumba kimoja. Mume wangu alimshika mkono kwa upole. "Mwalimu, ni simu hii, mama yuko Bungoma." Akasita, kisha akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa akiwa amegeukia ukuta.

"Muulize," mama akasema. "Muulize alikuwa na haraka gani ya kumfukia mtoto wangu. Hakungoja hata tuje. Hilo tu. Na asinipe yale ya vitabu, yale nilisomewa."

Nikamwambia Mwalimu. Kwenye simu niliwasikia kuku wa mama nyuma.

"Mwambie mama," alisema kwa ukuta, "karatasi za kumsafirisha zilikuwa zichukue wiki nyingi. Pengine miezi. Hakuna aliyeweza kuniambia. Na muda wote huo angekaa kwenye friji."

Nikamwambia mama.

"Mwambie walinikubalia nimvike nguo mimi mwenyewe. Nilipomshika miguu ilikuwa baridi sana. Mama anajua Nekesa na miguu yake."

"Tangu mtoto," mama akasema, wala si kwangu.

"Mwambie nilitoka nikaenda dukani nikanunua soksi. Nikarudi nikamvalisha. Nikaishika tena. Nikatoka nikanunua nyingine, nzito, nikamvalisha juu ya zile. Hazikusaidia. Wale watu wa hospitali walikuwa wananitazama. Ndipo nikasema azikwe kesho yake. Ardhi ya huku ina joto."

Nilifungua mdomo nimpelekee mama maneno hayo, nikashindwa. Mume wangu alikuwa ameinamia sahani yake.

"Wacha," mama akasema. "Nimesikia." Akapenga kamasi. "Muulize kwa nini hakuniandikia hivyo."

"Mwalimu, mama anauliza kwa nini hukumwandikia hivyo."

"Mwambie sikuweza. Yale mengine nilikuwa nayo tayari."

Nikamwambia. Kule Bungoma mama alisema jambo kwa Kibukusu, polepole, na Mwalimu akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukuta. Sikuuliza ni nini, halikuwa letu. Kisha mama akarudi kwenye Kiswahili.

"Mama Salma. Mwambie mume wa mwanangu aje nyumbani."

Alikuwa amesikia, na mume wangu alikuwa amesikia, na nafikiri hata jirani wa juu alisikia. Lakini neno lao haliendi hivyo, lazima mtu alipeleke. Nikafuta mikono, nikaenda mpaka mlangoni alipokaa, nikainama karibu na bega lake.

"Mwalimu," nikasema, "mama anasema, mume wa mwanawe aje nyumbani."